Tope Lililoachwa Ukingoni

Jumamosi iliyopita majirani zangu hapa Mangobo, Kisangani, walitoa tope mtaroni, wakalimwaga ukingoni, wakaacha toroli na koleo pale pale, wakanawa mikono, wakaenda zao kunywa chai. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Harufu ilipopita dirishani nikaweka sinia chini. Wanaoijua hawana haja ya kuelezwa: ni tope jeusi lililolala miezi chini ya mifuko ya plastiki na maganda ya ndizi, likifunuliwa juani linanuka yai viza na chuma chenye kutu. Wengine huziba pua. Mimi hasira hunipanda, na nyuma ya hasira hiyo namwona Koko, bibi yangu mzaa baba, ameketi kitandani miguu imevimba, akitazama maji yakiingia chumbani kwake bila hodi.

Nilitoka nje nikiwa bado nimejifunga kitenge cha jikoni. Nikauliza nani atalibeba lile rundo. Jirani mmoja akacheka.

"Ah, mama, haraka ya nini? Kamyo itakuja lundi."

Lori la Jumatatu! Nalisubiri lori hilo tangu nilipokuwa na miaka minane. Nimeolewa, nimezaa, nimeota mvi, na sijapata kuliona hata gurudumu lake.

Wakati ule tulikaa mjini, karibu na mto, katika jengo ambalo wazungu walilijenga liwe ghala la bidhaa. Walipoondoka, watu wakaingia, wakagawana vyumba kwa mbao na mapazia, na sisi tuliozaliwa humo tulidhani nyumba zote duniani zina kuta nene kama mkono wa mtu mzima. Tulikuwa familia tisa. Katikati palikuwa na ua mdogo usio na mlango wa maana, na kila dirisha la juu lililotazama ua huo lilikuwa jalala. Maji ya vyombo, maganda, viatu vilivyokufa, vyote vilishuka humo. Taka zilipanda mwaka hata mwaka mpaka zikafika kwenye dirisha la chumba cha chini, na juu yake ulikuwa umeota mpapai. Ulizaa vizuri sana. Hakuna aliyekula mapapai yale, ila wapangaji wa juu waliyauza sokoni bila kuona haya.

Chumba hicho cha chini ndicho alicholala Koko, nami nililala naye. Alikuwa ameletwa kutoka Yanonge, kijijini kwetu mtoni, kwa sababu ya miguu yake, maana dawa na daktari viko mjini. Ngazi hakuziweza. Chini ya sakafu ya chumba chetu lilipita bomba kubwa la zege lililotoka kwenye mtaro wa barabarani, likavuka chini ya jengo zima, likatokea upande wa pili kwenye mto. Pembeni mwa kitanda kulikuwa na tundu lenye nondo, na kupitia tundu hilo bomba lilikuwa likipumua. Bomba lilikuwa limeziba tangu zamani. Mvua ikinyesha, mtaro wa nje ulijaa, maji yakaruka kizingiti, mengine yakachemka kutoka kwenye lile tundu, na Koko akapandisha miguu yake kitandani, mmoja mmoja, kwa mikono, akisema, "Mgeni amefika."

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, usafi wa wote, maduka yamefungwa hadi saa nne asubuhi. Papa na wanaume wengine walichota tope la mtaroni na kulipanga ukingoni. Saa hiyohiyo Mama na mimi tulikuwa tunatoa nje godoro la Koko lililolowa, tukaliegemeza ukutani lipigwe na jua. Jioni godoro linarudi ndani. Mvua ya Jumatatu au Jumanne ikinyesha, tope nalo linarudi mtaroni. Jumamosi tunatoa tena vyote viwili. Watu wazima wana jina la kazi kama hiyo, kutwanga maji kwenye kinu. Mimi sikuona kosa lolote ndani yake. Nilidhani tope, kama godoro, linatolewa kuanikwa, kisha linarudi mahali pake. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia vinginevyo, na ukiangalia walivyofanya, utanilaumu kwa lipi?

Kaka mkubwa wa Papa, Tonton Gaston, alikuja kila mwezi na mashua ya injini kutoka Yanonge akileta samaki wa moshi. Siku moja alikuta godoro nje na mama yake amekaa juu ya meza. Hakuweka hata mizigo chini.

"Sasa hii ni maisha gani? Mama arudi nyumbani. Mto iko namwita."

"Mama iko na dawa hapa," Papa akasema. "Huko nani atamupiga sindano?"

"Na hapa nani atamutoa mu maji? Bon. Sikia, Etienne. Maji ikiingia tena mara moja, mara moja tu, ninamuchukua. Tumeelewana?"

Papa akampa mkono. Waliahidiana mbele yetu sote, na Papa hakuwa mtu wa kuvunja neno alilompa mkubwa wake. Koko alinivuta ubavuni. Nilijua maana ya mkono ule: ikinyesha vibaya, nitalala peke yangu.

Lakini kuna neno la Tonton lililonikaa kichwani zaidi ya yote. Mto iko namwita. Yaani, mto unamwita. Sisi ni watu wa mto. Koko mwenyewe alinisimulia jinsi mto unavyopanda kuwatembelea waliouzoea. Kwa hiyo nikafikiri nimeelewa jambo ambalo wakubwa hawakulielewa. Maji yale hayakuwa ya mvua hata kidogo. Ulikuwa mto, ulikuwa unapanda kupitia bomba, usiku na mchana, kumtafuta Koko.

Papa alikuwa seremala, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Baada ya ule mkono alibadilika. Alianza na ua. Alikata mpapai, wa juu wakamtukana, akaendelea. Jumamosi nne mfululizo waliondoa taka zile kwa ndoo na kamba, na kila tabaka lilikuwa na zama zake: juu mifuko ya plastiki, chini yake makopo, chini yake chupa nene za kijani, kichwa cha cherehani, na chini kabisa matofali mekundu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ua wetu unayo. Mama alipiga magoti akayafuta kwa mkono. Taka za ua zilikwenda kufukia shimo nyuma ya jengo, na hilo, nakiri, lilifanyika vizuri.

Likabaki bomba. Watu walisema haliwezekani. Papa akaenda bandarini akaazima pondo, ile miti mirefu ambayo watu wa mitumbwi husukumia chini ya mto. Akaunganisha tatu kwa waya, akafunga ndoana ya chuma kwenye ncha, akaanza kuchokonoa kutoka mtaroni, huku jamaa zetu wawili wakichokonoa kutoka upande wa mto. Walifanya hivyo juma zima, kila alasiri, na Jumamosi wakamaliza. Lilitoka tope zito mno, limeshikana na nguo na mizizi, wakalirundika ukingoni mpaka likawa refu kunizidi. Ilipokaribia saa nne pondo la huku likagonga pondo la kule. Nasikia bado ule mgongano. Watu wakapiga kelele. Mama akapiga vigelegele. Papa, tope mpaka nyusi, akaniinua, akanielekeza uso kwenye mdomo wa bomba.

"Angalia, Fifi. Unaona nini?"

Niliona giza refu, na mwisho wake duara dogo la mwanga, na ndani ya duara maji yanameremeta. Ulikuwa mto. Ulikuwa unanitazama. Upepo wake baridi ukanipiga usoni, na nikajua kwamba papa yangu, kwa mikono yake mwenyewe, ameufungulia mlango hadi chini ya kitanda cha Koko.

Nikalia. Watu wakacheka, wakasema mtoto amelia kwa furaha.

Sasa njooni tuseme habari ya rundo, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Bomba lilikuwa wazi. Kazi ya wiki tano ilikuwa imekwisha, bado tu kuondoa tope lile hatua mia moja hadi kwenye shimo la nyuma ya jengo. Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa na duka la jumla upande wa mbele, alileta toroli lake akaliegesha.

"Toroli ni hii," akasema. "Nani atasukuma?"

Wa ghorofani wakasema tope ni la wa chini, kwa kuwa wao ndio wanaofurika. Wa chini wakasema tope limetoka kwa wa juu, kwa kuwa wao ndio wanaotupa. Mwingine akasema katoni za dukani ndizo zilizoziba, Papa Kambale akavuta toroli lake akarudi nalo ndani. Shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, ambaye siku zote alifika kazi ikiisha, akainua mkono.

"Alors, hapana kugombana. Kamyo itakuja lundi. Nimesha kusema nabo."

Na Papa? Papa angeweza kulisukuma peke yake, nguvu alikuwa nazo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasema, "Mimi nilifungua bomba. Batu ya familia tisa babebe potopoto hii." Nampenda papa yangu, lakini neno hilo silisamehe. Alikuwa na haki, na haki yake ikakaa pale pale ukingoni pamoja na tope, mvua ikivisubiri vyote viwili.

Jumatatu lori halikuja. Tope lilikuwa limekauka juu, limepasuka-pasuka, yaani kwa macho yangu limekwisha kuanikwa, na sasa ni wakati wa kulirudisha, liufungie mto mlango. Nilitoka shule nikachukua beseni dogo la kumwogeshea Koko. Watu walinipita nikichota, hakuna aliyeniuliza kitu. Mtoto anayecheza tope ni habari gani? Nilijaza mdomo wa bomba, beseni baada ya beseni, nikakandamiza kwa visigino. Jumanne nikaendelea. Lakini tope peke yake niliona halitoshi kuzuia mto mzima. Nikaingia chumbani, Koko akiwa amesinzia, nikachukua kitenge chake cha zamani cha kijani chenye picha za feni, nikakikunja, nikakisukuma ndani kabisa, nikaziba juu yake. Nilirudi nikajilaza karibu naye mgongo ukiniuma, nimefurahi kama mtu aliyefunga nyumba vizuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walitufundisha shuleni.

Jumatano mvua ilianza tukiwa tunakula mchana. Ilikuwa ile mvua ya Kisangani isiyo na matone, ukuta tu wa maji. Rundo la ukingoni likalainika, likainama, likateleza lote mtaroni. Mtaro ukafurika. Maji yakaruka kizingiti, meusi, yakafika nusu ya miguu ya kitanda. Nilisimama mlangoni nimeduwaa. Nilikuwa nimefunga bomba, na mto umepitia mlangoni. Koko alipandisha miguu yake. Safari hii hakusema kitu kuhusu mgeni.

Mvua ilipokatika Papa aliteremka mtaroni na pondo lake. Majirani wote walitoka kutazama, wale wale waliokataa kusukuma toroli. Akachokonoa mdomoni mwa bomba, ndoana ikashika kitu, akavuta, akavuta, kikatoka kitenge. Akakikung'uta. Zile feni zikaonekana.

"Hii iko ya nani?" akapaza sauti. "Nani alitupa pagne mu bomba yangu?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Iko yangu," Koko akasema. Alikuwa kwenye kiti mlangoni, miguu ndani ya maji. "Ilikuwa imezeeka. Nikaitupa."

"Mama?"

"Nilitupa, Etienne."

Papa akatupa pondo chini. Kisha yakatoka maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu yeyote, sembuse aliyemzaa.

"Mwezi muzima ninaingia mu mavi ya batu kwa ajili yako! Kwa ajili yako! Na wewe unatupa pagne? Vraiment, hata wewe? Basi enda Yanonge, enda ulale na bosoto yako, buchafu yako, huko!"

Hakuna aliyecheka. Papa Kambale aligeuka akaingia dukani. Koko aliinamisha kichwa, akaliacha kila neno limfikie. Hakunitazama. Nami sikusema. Nilisikia nafuu, ndiyo, niseme ukweli, nafuu kwamba sitapigwa. Nikajiambia kwamba Koko ni mzee, amesahau, labda kweli alikitupa kingine kinachofanana.

Jumapili baada ya misa Tonton, habari zikiwa zimemfikia, alikuja kumchukua. Papa alibeba mizigo hadi bandarini, akaenda kusimama mbali akijifanya anakagua injini. Koko alikuwa ameketi kwenye ubao wa mashua. Akaniita, "Yaka, mwana na ngai," kwa Kilingala chake cha mtoni, njoo mwanangu. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza. Alichovya ncha ya kitenge chake majini, akaanza kunisafisha kucha, kidole kimoja kimoja, akichimbua lile tope jeusi lililokuwa limebaki chini yake tangu Jumanne. Alifanya polepole. Papa alipogeuka kutazama upande wetu, Koko alifunika mikono yangu kwa yake.

"Kucha chafu inasema sana," akaniambia.

Nilifikiri ananifundisha usafi. Niliitikia, "Ndiyo, Koko." Mashua ikaondoka.

Aliishi Yanonge misimu miwili ya mvua, bila sindano. Tulikwenda kumzika. Njia nzima Papa alikaa nyuma ya mashua akiwa amejifunika kofia usoni. Nilikuwa mkubwa kiasi, sikumbuki ni lini hasa, siku moja nafua tu, nikachimbua sabuni iliyoganda chini ya kucha, ndipo nikaelewa. Koko alikuwa macho siku ile nilipodhani amesinzia. Aliniona nikichukua kitenge. Au alinihisi, au aliniona kupitia mlango nikichota tope, sitajua. Na sitajua pia kama ni mimi niliyeziba bomba au ni rundo lililoteleza, kwa kuwa vyote viliingia humo juma moja. Nimepiga hesabu za mabeseni kichwani mara ngapi! Ningekuwa na hakika nimemkosea, ningelia yakaisha. Ningekuwa na hakika ni majirani, ningewatukana yakaisha. Nimebaki na kuudhika tu.

Papa anaishi nami sasa. Ni mzee, macho yake hayaoni vizuri, lakini pua ni nzima. Jumamosi hiyo ninayowaambia alitoka na fimbo yake nikiwa bado nabishana na jirani, akalielekea lile rundo, akalichoma kwa ncha ya fimbo. Nilijua kinachofuata. Miaka yote, kila salongo, wimbo ni ule ule.

"Batu habafundishiki," akamwambia jirani. "Mimi, hata mama yangu, mama muzazi, alitupa pagne mu..."

"Hakutupa," nikasema.

"Nini?"

"Koko hakutupa. Mimi niliiweka. Ya kijani, ya feni. Nilitaka kuziba mto usimuchukue."

Jirani alitutazama, akakumbuka kazi nyumbani kwake, akaondoka. Papa alitafuta ukingo wa toroli kwa mkono, akakaa.

"Nilimusemesha vibaya," akasema. "Mbele ya batu."

"Ndiyo, Papa."

"Kwa nini haukusema?"

"Nilikuwa mutoto."

"Bon. Ulikuwa mutoto." Aliinua uso wake upande wangu, ingawa haoni vizuri. "Na kisha, miaka hii yote?"

Nilishika koleo, nikaanza kujaza toroli. Nilichota, nikachota, na yeye alikuwa bado ananisubiri nijibu.